Nimealikwa braseri ya Paris, na chaza mbichi sijawahi kumla

Msomaji wetu mmoja, binti wa Tanga anayefanya kazi Paris, ameniandikia hivi: "Shikamoo mpishi. Mkuu wetu wa kazi ametualika idara nzima chakula cha jioni mwezi wa Novemba, kwenye braseri moja ya Montparnasse inayosifika kwa chaza. Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala sinywi mvinyo, na chaza mbichi sijawahi kumtia mdomoni. Nitaagiza nini? Nitajuaje kama chaza ni mzima? Naogopa kuumwa, na kuaibika naogopa zaidi. Halafu, wale chaza wa kwetu wanaoshika miambani, nao wanaliwa hivyo hivyo?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kuaibika, maana linakunyima usingizi bure. Katika nyumba zote za kulia chakula Ufaransa, braseri ndiyo isiyo na makuu. Mgahawa wa kawaida pale una saa zake: jiko hufungwa mchana kama saa nane na nusu, hufunguliwa tena saa moja jioni, na ukishakaa mezani unatarajiwa ule kwa mpangilio, cha kwanza, cha pili, kitamutamu. Braseri hupika mfululizo tangu adhuhuri hadi usiku umekwenda. Mmoja wenu ataagiza sinia la vyakula vya baharini la ghorofa mbili, mwingine supu ya vitunguu peke yake, mwingine steki na chipsi, na mhudumu hatamtazama yeyote kwa jicho baya. Jambo moja tu ndilo nataka uwe mkali nalo, tena bila haya: chaza anayewekwa mbele yako awe hai.

Ulegevu huo wa braseri una chanzo chake. Zilianza kama nyumba za bia za watu wa Alsace, jimbo la mashariki linalopakana na Ujerumani. Bofinger, iliyo jirani na uwanja wa Bastille, ilifunguliwa mwaka 1864. Vita vya 1870 na 1871 vilipokwisha na Alsace ikachukuliwa na Ujerumani, watu wengi wa huko walihamia Paris na bia yao, soseji zao na kabichi yao ya kuchachushwa. Mmoja wao, Léonard Lipp, akafungua ya kwake boulevard Saint-Germain mwaka 1880, na bado ipo. Mnywaji wa bia haji kwa ratiba, kwa hiyo chakula nacho kikawa cha saa zote. Chaza waliletwa na reli. Kituo cha Montparnasse ndicho mwisho wa treni za Bretagne, pwani ya magharibi wanakofugwa, na mtaa wenu huo ukajaa watu wa Bretagne na vyakula vyao. La Coupole, ambayo huenda umeipita mara nyingi, ilifunguliwa hapo mwaka 1927.

Sasa tuje kwenye chaza wenyewe.

Siku hiyo fika mapema kidogo, usikimbilie ndani. Braseri nyingi zenye chaza huweka meza yao nje, kandokando ya mlango, hata kwenye baridi ya Novemba. Utaona vikapu vya mbao, mwani uliolowa, barafu iliyopondwa, na nyuma yake mtu mwenye aproni nzito na mabuti ya mpira. Huyo anaitwa écailler, na kazi yake ni kufungua chaza na kupanga masinia. Simama umwangalie. Humlaza chaza kwenye kiganja kilichokingwa kwa kitambaa au glovu, upande uliobonyea chini. Kisu chake ni kifupi, kigumu, hakina makali ya kukatia nyama. Hukiingiza ubavuni, hukisukuma taratibu mpaka kikate msuli unaoyafunga magamba mawili, kisha hukizungusha kidogo na gamba la juu linanyanyuka. Fundi mzuri hatoi vumbi wala vipande vya gamba, na nyama haichani. Kisha humwaga maji ya kwanza yaliyomo. Usishangae, hajaharibu kitu: chaza akiwa hai, dakika chache baadaye hutoa maji mengine, safi zaidi na yenye chumvi ya wastani. Maji hayo ya pili ndiyo utakayoyaona kwenye sinia.

Meza hiyo ya nje inakwambia karibu kila kitu. Chaza waliomo vikapuni wawe wamefumba. Akiwa amefunuka kidogo, fundi humgonga kwa kisu, na akiwa hai hujifunga, asipojifunga hutupwa. Kila kikapu huja na kibandiko cha afya chenye jina la mzalishaji na tarehe ya kufungashwa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka muuzaji akitunze kibandiko hicho siku 60 tangu alipoanza kuuza kilichomo, ili mtu akiumwa ijulikane chaza walitoka maji gani. Maji yenyewe hupangwa madaraja kwa kipimo cha bakteria wa kinyesi. Chaza wa daraja A huuzwa moja kwa moja, wa daraja B lazima wakae kwanza kwenye mabwawa ya kusafishwa. Kumuuliza fundi "hawa wametoka wapi?" si utovu wa adabu hata kidogo. Nimewaona wakifurahi kuulizwa, maana wateja wengi huwapita kama nguzo.

Kwenye menyu utakutana na majina na namba, na namba ndizo zinazowachanganya wageni: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo chaza anavyokuwa mkubwa. Namba 5 ana gramu 30 hadi 45 pamoja na gamba lake, namba 3 ana gramu 66 hadi 85, na namba 0 huzidi gramu 150. Wewe wa mara ya kwanza chukua namba 4, au 3 wakikosekana. Namba 1 na 0 waache kabisa, kwani ni donge kubwa la nyama mdomoni na wenyeji wengi wanalikwepa pia.

Majina nayo hutaja mahali au malezi. Cancale iko Bretagne, Isigny iko Normandie, Arcachon iko karibu na Bordeaux, Bouzigues ni ya ziwa la chumvi la Thau upande wa Mediterania. Fine de claire ni chaza wa Marennes-Oléron, pwani ya Atlantiki, ambaye, baada ya kukulia baharini, amemalizia wiki zake za mwisho kwenye mabwawa ya udongo wa mfinyanzi ambayo zamani yalikuwa mashamba ya chumvi. Maji ya huko si makali kama ya bahari wazi, kwa hiyo chumvi yake hupungua. Wengine hutoka na mashavu ya kijani. Msichana wa Tanga akiona kijani kwenye chakula cha baharini atadhani kimeoza, kumbe rangi hiyo hutokana na kiumbe kidogo cha jamii ya mwani kiitwacho Haslea ostrearia kinachoota mabwawani, na chaza wa namna hiyo huuzwa ghali zaidi. Neno spéciale maana yake amejaa: nyama yake imezidi asilimia 10.5 ya uzito wake wote. Ushauri wangu ni uanze na fine de claire, kwa sababu ndiye mpole. Chaza bapa wa Belon, gamba la mviringo kama kisahani, ana ladha inayokaribia ya chuma na humkatisha tamaa mtu asiyezoea. Huyo muonje mwaka ujao.

Jambo moja ambalo huwa nalisimulia mezani: hao chaza wanaoitwa wa Kifaransa karibu wote ni wageni. Yule bapa ndiye mwenyeji. Mwaka 1868 meli iliyobeba chaza kutoka Ureno ilijificha dhoruba kwenye mdomo wa mto Gironde, na nahodha, akidhani mzigo umekufa, akautupa majini. Waliokuwa hai wakazaliana mpaka wakaijaza pwani. Nao wakafyekwa na ugonjwa kati ya 1970 na 1973, ndipo wafugaji wakaleta chaza wa asili ya Japani. Huyo ndiye utakayemla Novemba. Amelelewa kama miaka mitatu ndani ya mifuko ya wavu iliyofungwa juu ya meza za chuma ufukweni, na wafugaji huwaendea maji yakipwa, sawasawa na akina mama wa Zanzibar wanavyokwenda kwenye mashamba yao ya mwani wakati wa bamvua.

Mwezi wenyewe ni mzuri. Kuanzia Mei hadi Agosti chaza yuko kwenye kuzaa, nyama yake huwa na maziwa na wengi hawaipendi, ingawa siku hizi wafugaji wana aina isiyozaa inayouzwa mwaka mzima. Novemba bahari imepoa, chaza amekaza.

Agiza watatu, kama menyu inaruhusu, au gawana sita na mwenzako. Watakuja juu ya barafu na vipande vya limau, kibakuli cha siki iliyotiwa vitunguu vidogo vyekundu vilivyokatwakatwa, mkate mweusi wa rai na siagi. Chukua uma mdogo, mguse chaza kwenye ukingo wake mweusi wenye mikunjo. Akiwa hai ukingo hujikunja, kidogo sana, kama unywele uliosogezwa, nawe unapaswa kuuona. Tone la limau hufanya kazi hiyo hiyo. Kisha nusa: harufu iwe ya bahari ya asubuhi. Mwenye harufu ya tope au yai, aliyekauka bila maji, au asiyejikunja, mweke kando na umwambie mhudumu kwa sauti ya kawaida kwamba huyu hakupendezi. Atamwondoa na kukuletea mwingine. Mkuu wako akikuona unafanya hivyo atajua umefundishwa.

Akiwa mzima, mwachanishe na gamba kwa uma, kwa kuwa Wafaransa mara nyingi humwacha ameshikilia upande wa chini, mnyanyue na gamba lake na umtie mdomoni pamoja na maji kidogo. Wa kwanza mle bila kitu chochote. Na umtafune. Kuna watu watakwambia umeze moja kwa moja ili yaishe haraka, na mimi nasema huo ni upotevu wa chaza. Ukimeza unapata chumvi tu. Ukimtafuna mara tatu au nne, chumvi hupita na nyuma yake unakuja utamu, halafu ladha ya karibu na korosho mbichi. Hapo ndipo utajua kama ni chakula chako au si chako. Wa pili mtie tone la limau, wa tatu siki. Ukipata hamu ya pilipili, nakuelewa, na braseri nyingine zina chupa ya pilipili ukiomba, lakini iache mpaka uwe umeonja kwanza. Ukiona hukumpenda, kula mkate na siagi, sema asante, endelea na chakula kingine. Wafaransa wenyewe wapo wengi wasiomgusa.

Kuhusu kuumwa nitasema wazi. Chaza hujilisha kwa kuchuja maji, kwa hiyo kilichomo majini humwingia, kizuri na kibaya. Mwishoni mwa Desemba 2023, siku chache kabla ya mwaka mpya ambao Wafaransa hula chaza kuliko wakati mwingine wowote, mamlaka zilipiga marufuku chaza wa Arcachon kwa sababu ya norovirusi, baada ya watu kuharisha na kutapika. Mfumo wao ni mzuri na bado hilo lilitokea. Kwa mtu mwenye afya ni siku mbili tatu za mateso. Lakini kama una mimba, au una ugonjwa wa ini, homa ya ini ikiwemo, au kinga ya mwili wako imeshuka kwa maradhi au kwa dawa, usimle mbichi hata mmoja, nawe huna haja ya kumweleza mtu sababu. Limau haliui vijidudu hivyo. Mvinyo hauviui pia, ingawa utasikia mtu akiapa mezani. Uliza kama wana chaza wa kuokwa ovenini, ila hao mara nyingi humwagiwa mchuzi wenye mvinyo au shampeni, kwa hiyo kwako wewe wana shida nyingine.

Hilo linatuleta kwenye dini. Sisi wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na kwetu vya baharini ni halali. Wenzetu wa Hanafi chaza na kaa kwa kawaida hawali, basi kama ndiko ulikolelewa muulize shehe wako kabla ya siku yenyewe, si ukiwa umeshika uma. Nyama ya braseri ya kawaida haikuchinjwa Kiislamu, ng'ombe na kuku pia. Nguruwe naye hujificha. Saladi ya frisée, inayoonekana majani matupu, huja na vipande vya nguruwe wa kukaanga vinavyoitwa lardons. Quiche lorraine, pai ya mayai, nayo inavyo. Andouillette ni soseji ya utumbo, kwa kawaida wa nguruwe. Choucroute, ile kabichi ya Alsace, huja imefunikwa naye. Supu ya vitunguu mara nyingi imepikwa kwa supu ya ng'ombe na kutiwa mvinyo. Hata kome wanaoitwa marinière wamechemshwa kwa mvinyo mweupe, na mchuzi wa siagi uitwao beurre blanc msingi wake ni mvinyo huo huo.

Usikate tamaa, kimebaki kingi. Ningekuwa mimi kwenye kiti chako ningeagiza sole meunière. Huyo ni samaki bapa, wa jamii ya gayogayo, anayepakwa unga, akakaangwa kwa siagi mpaka siagi inukie, akamalizwa kwa limau na majani ya parsley. Hakuna mvinyo ndani. Huletwa mzima na mhudumu akakutolea miiba mbele yako, uma mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, uti wa mgongo ukanyanyuka wote kwa pamoja. Napenda kuitazama kazi hiyo kuliko mapambo yote ya ukutani. Ni ghali, na kama hujui nani analipa, kamba wa baridi na mayonezi, au kaa wa kuchemsha, watakutosha. Sinia kubwa la baharini likiagizwa kwa ajili ya meza nzima ndiyo bahati yako: kamba, kaa, konokono wa baharini wanaotolewa kwa pini, vyote kwa kawaida huchemshwa kwa maji ya chumvi. Waachie wenzako chaza na upige hao. Vitamutamu ni salama kwa sehemu kubwa: île flottante, ambayo ni povu la yai juu ya maziwa mazito ya vanila, crème brûlée, profiteroles za chokoleti. Ziepuke baba au rhum na crêpes Suzette, zina pombe.

Kinywaji usikifanye jambo. Watu watakunywa mvinyo mweupe wa Muscadet au Chablis, wewe omba maji yenye gesi, au sema "une carafe d'eau" upewe jagi la maji ya bomba bila malipo. Ni haki ya mteja anayekula, na mkate pia haulipiwi. Glasi yako ya mvinyo ikijazwa bila kuuliza, iache ilivyo, hakuna atakayeihesabu. Ingia kwa kusema "bonjour", au "bonsoir" kwa kuwa ni jioni, kabla ya neno jingine lolote. Mhudumu usimwite "garçon" hata kama umesikia kwenye sinema, sema "s'il vous plaît" au mtazame tu. Bili haitakuja mpaka iombwe, kwa kuwa kuileta mapema ni kama kuwafukuza, na huduma ya asilimia 15 imeshahesabiwa ndani ya bei. Mkiacha euro chache mezani ni hisani yenu. Kama unataka kujua bei kabla, menyu hubandikwa nje kwa mujibu wa sheria. Pita siku moja kabla uisome bila presha ya mtu.

Kuhusu chaza wetu. Wale wadogo wenye magamba makali wanaoshika miamba na mizizi ya mikoko ni chaza wa kweli, na utamu wao ni mkubwa, lakini usiwale wabichi kwa sababu uliwala wabichi Paris. Kilichomlinda yule wa Paris si ubichi wake, ni maji yaliyopimwa, kibandiko kwenye kikapu na barafu njia nzima. Mwamba ulio karibu na mji unaomwaga maji taka baharini hauna hata kimoja katika hivyo. Waoshe kwa brashi, waweke juu ya makaa upande uliobonyea chini ili maji yasimwagike, wakifunuka waache waendelee kuchemka ndani ya maji yao mpaka nyama ikaze na kujikunja pembeni. Asiyefunuka kabisa mtupe. Wakamulie ndimu, chumvi hawahitaji, na pilipili yako sasa unaruhusiwa.